Vipele vya mkanda wa jeshi vimepona, mbona maumivu na gharama haviishi?

SWALI: Daktari, mama yangu mwenye miaka 68 aliugua mkanda wa jeshi. Vipele vilikauka ndani ya wiki nne, lakini huu ni mwezi wa nne na ubavu bado unamuwaka, hata nguo ikimgusa analalamika. Tumenunua dawa nyingi za maumivu bila nafuu. Je, ugonjwa haujapona? Na chanjo itamsaidia?

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa kuuguza. Ngozi ya mama yako imepona, ila neva zake zimejeruhiwa. Virusi vya tetekuwanga, ambavyo hubaki vimejificha kwenye mafundo ya neva karibu na uti wa mgongo tangu mtu alipougua tetekuwanga, huamka kinga inapodhoofika kwa uzee, maradhi au dawa, kisha hufuata neva hadi kwenye ngozi na kuiumiza neva hiyo njiani. Maumivu yanayodumu zaidi ya miezi mitatu tangu vipele vitokee huhesabiwa kuwa maumivu ya neva yaliyoachwa na mkanda wa jeshi, na kadiri mgonjwa alivyo na umri mkubwa ndivyo uwezekano wa kuyapata unavyoongezeka.

Hapo ndipo fedha zinapopotea. Parasetamoli na dawa nyingine za kawaida za maumivu mara nyingi hazifui dafu mbele ya maumivu ya neva, hivyo familia hubadilisha dawa moja baada ya nyingine bila mafanikio. Ongeza usingizi uliokatika, na siku za kazi anazozikosa anayemuuguza, ambazo hazionekani kwenye risiti yoyote. Kwa maoni yangu, huo ndio upande wa gharama unaopuuzwa mno.

Mwombe daktari wake afikirie dawa zinazotuliza maumivu ya neva, kama gabapentini, pregabalini au amitriptilini, au plasta ya lidokeini, dawa ya ganzi, ya kubandika juu ya ngozi iliyokwisha kupona. Dozi huanza ndogo na kupandishwa taratibu. Kwa umri wake, figo zipimwe kabla ya gabapentini au pregabalini, na awe mwangalifu anaposimama, kwa kuwa dawa hizi za kumeza huleta kizunguzungu na anaweza kuanguka.

Dawa za kupambana na virusi, kama asiklovir, hufaa zaidi zikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee. Kwa mama yako muda huo umepita. Mtu mwingine nyumbani akitokewa na vipele vyenye maji upande mmoja wa mwili, msisubiri, na vikiwa karibu na jicho ni dharura, kwa sababu vinaweza kupofusha.

Kuhusu chanjo, ile isiyo na virusi hai hutolewa kwa dozi mbili, zikitenganishwa kwa miezi 2 hadi 6, na katika majaribio ilizuia ugonjwa kwa zaidi ya asilimia 90 miongoni mwa watu wa miaka 50 na kuendelea. Haitaondoa maumivu aliyonayo sasa. Hata hivyo anaweza kuipata, kwani mkanda wa jeshi huweza kurudi, na ninyi watoto wake mliofikisha miaka 50 ulizieni pia.