Kibuye, kelele na macho ya watu

SWALI: Mwanangu wa miaka 6 ana usonji. Tukienda soko la Kibuye anajitupa chini, anaziba masikio na kupiga mayowe. Watu husema, "Mchape huyo, umemdekeza." Nifanyeje?
Mama wa Kondele, Kisumu

JIBU: Pole, mama. Huo si utundu. Mtoto mtundu hukutupia jicho kuona kama umelegea, na akipewa pipi hunyamaza. Aliyelemewa na kelele hata pipi haioni. Kiboko kinamwongezea maumivu tu.

Akianza, acha kununua. Msogeze kivulini, aelekee ukuta, kisha nyamaza: kila neno lako ni kelele nyingine. Huenda zikapita dakika 20 au zaidi, na ukimwinua mapema ataanza upya. Wapita njia wape sentensi moja: "Ana usonji, kelele zinamuumiza, tupisheni kidogo." Iandike pia kwenye kadi, umwonyeshe makanga kabla hamjapanda matatu. Ile kamba ya kijani yenye maua ya alizeti, inayovaliwa shingoni kuonyesha kuwa mtu ana ulemavu usioonekana kwa macho, iliyoanzia uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, mwaka 2016, ni nzuri, lakini muuza omena ataiona pambo tu.

Jumapili Kibuye hufurika. Nenda Jumanne asubuhi, ununue vitu 2 au 3. Vifunika masikio vya mafundi utavipata maduka ya vifaa vya ujenzi. Avizoee kwanza nyumbani, dakika 5 kwa siku. Ukimvisha mara ya kwanza sokoni, atavitupa kwenye nyanya za watu.