Pointi Sita za Kadi ya Fursa, na Mwaka Unaozifuata

Watu wanaoniuliza kuhusu Chancenkarte, yaani Kadi ya Fursa ambayo Ujerumani huwapa wataalamu wa kigeni wanaokwenda kutafuta kazi, karibu wote huanza na swali moja: nitazipata wapi pointi sita? Swali hilo ni la haki, kwa kuwa bila pointi hizo wengi hawapewi kibali. Hata hivyo, baada ya kuipitia njia hii mwenyewe nikiwa mhandisi wa umeme, nimeona kwamba swali lenye uzito zaidi ni jingine: pointi unazozikusanya zitakusaidia nini siku utakayoketi mbele ya mwajiri? Mwajiri hana haja na jumla ya pointi zako na wala hatakuuliza. Atakachotaka kujua ni kazi uliyowahi kuifanya, vyeti ulivyonavyo na lugha unayoweza kuitumia kazini.

Kadi hii ilianza kutolewa tarehe 1 Juni 2024, ikachukua nafasi ya viza ya zamani ya kutafuta kazi ambayo ilikuwa ya miezi sita. Haifanani na mifumo mingine ya pointi ambayo watu huichanganya nayo. Kanada, iliyoanza kuwapima wahamiaji kwa pointi mwaka 1967, huwapa wanaofaulu ukaazi wa kudumu, na Uingereza inataka pointi 70 ambazo huwezi kuzifikisha bila mwajiri aliyekwisha kukuahidi kazi. Pointi za Ujerumani hazikupi ukaazi wa kudumu wala kazi, bali zinakupa ruhusa ya kuishi huko ukitafuta kazi kwa muda usiozidi mwaka mmoja. Mipango yako yote inapaswa kujengwa juu ya mwaka huo.

Kabla ya kuhesabu pointi, chunguza kwanza kama unazihitaji. Mtu ambaye shahada yake au cheti chake cha ufundi kimetambuliwa kikamilifu Ujerumani huhesabiwa kuwa mtaalamu tayari, na huomba kadi hii bila kuhesabiwa pointi hata moja. Kwa wenye shahada, mahali pa kuanzia ni anabin, hifadhidata ya Ujerumani ya vyuo na shahada za nje, ambayo iko wazi kwa kila mtu. Tafuta chuo chako uone kama kimepewa alama ya H+, yaani kinatambuliwa Ujerumani, kisha tafuta shahada yako yenyewe, kwa sababu chuo kinaweza kuwa na alama nzuri huku shahada uliyosoma haijaorodheshwa. Ukivipata vyote viwili, chapisha kurasa zote mbili na uziambatanishe na ombi. Usipovipata, ofisi ya Ujerumani inayotathmini vyeti vya nje, iitwayo ZAB, hutoa tathmini rasmi kwa ada ya euro 208. Madaktari, wauguzi na wengine ambao kazi zao zinahitaji leseni wana utaratibu wao wa kutambuliwa, nao ni mrefu zaidi. Wasijipime kwa maelezo haya peke yake.

Vilevile, kama tayari una mkataba wa kazi mkononi, usiombe kadi ya kutafuta kazi. Omba moja kwa moja kibali cha kazi, au Kadi ya Bluu ya Umoja wa Ulaya ikiwa mshahara unatosha. Kwa mwaka 2025 kiwango cha chini cha mshahara kwa Kadi ya Bluu kilikuwa euro 48,300 kwa mwaka, na euro 43,759.80 kwa fani zenye uhaba wa wafanyakazi pamoja na wahitimu wa karibuni. Tuma maombi ya kazi ukiwa nyumbani kwa miezi kadhaa kabla ya kufikiria Kadi ya Fursa, kwa kuwa ukipata kazi kwa njia hiyo utakuwa umeepuka gharama na wasiwasi mwingi ninaoueleza hapa chini.

Wasiotambuliwa kikamilifu ndio wanaoingia katika pointi, nao wana masharti ya awali. Lazima uwe na shahada, au cheti cha mafunzo ya ufundi ya angalau miaka miwili, kinachotambuliwa na serikali ya nchi ulikosomea. Lazima uwe na Kijerumani cha ngazi ya A1 au Kiingereza cha ngazi ya B2 (ngazi za lugha huanzia A1 ya wanaoanza hadi C2 ya waliobobea), na uthibitishe kwamba unaweza kujitunza. Baada ya hapo ndipo hesabu huanza. Tathmini iliyotambua sifa zako kwa sehemu ina pointi 4. Uzoefu wa miaka mitano ndani ya saba iliyopita, katika fani uliyosomea, una pointi 3, na uzoefu wa miaka miwili ndani ya mitano una pointi 2. Kijerumani cha A2 kina pointi 1, B1 pointi 2, na B2 pointi 3, huku Kiingereza cha C1 kikiongeza pointi 1. Asiyezidi miaka 35 hupata pointi 2, na aliyezidi 35 lakini hajazidi 40 hupata 1. Pointi mojamoja hutolewa pia kwa fani yenye uhaba, kwa aliyewahi kuishi Ujerumani kihalali kwa angalau miezi sita katika miaka mitano iliyopita mbali na utalii, na kwa mmoja wa wanandoa wanaoomba pamoja wakiwa wote wametimiza masharti.

Sasa tuwachukue watu wawili. Wa kwanza ana miaka 30, uzoefu wa miaka miwili, fani yenye uhaba na Kiingereza cha C1: pointi 2, na 2, na 1, na 1. Amefikisha sita bila kujua hata kusalimia kwa Kijerumani. Wa pili ana umri na uzoefu uleule, fani yake haina uhaba na hana cheti cha Kiingereza, lakini amefika B1 ya Kijerumani. Naye amefikisha sita. Ubalozini hawa wawili ni sawa kabisa. Wakishafika Ujerumani, wa pili anaweza kumpigia mwajiri simu, kusoma tangazo la kazi hadi mwisho na kujieleza katika usaili, na wa kwanza atatumia sehemu kubwa ya mwaka wake akifanya masomo ambayo angeweza kuyafanya kabla ya kuondoka, tena akilipa kodi ya nyumba kwa euro.

Nililiona jambo hili kwa karibu nilipokwenda kwenye kazi ya majaribio, ambayo kadi inairuhusu kwa muda usiozidi wiki mbili kwa kila mwajiri. Ilikuwa kampuni ndogo inayofunga mitambo ya umeme kwenye majengo. Msimamizi hakuanza na shahada yangu. Alinipa karatasi moja ya maelekezo ya usalama, hatua za kufuata kabla ya kugusa kabati la umeme: kuzima, kuzuia umeme usiwashwe tena, kupima kama kweli haupo, na zinazofuata. Hatua zenyewe nilizifahamu kwa miaka mingi, kama mhandisi yeyote anavyozifahamu. Yeye alitaka nimweleze kila hatua kwa maneno yangu mwenyewe, kwa Kijerumani, mbele ya fundi ambaye ningefanya naye kazi, na fundi yule akawa ananikatiza kwa maswali katika lahaja ya kwao. Hakuwa na nia mbaya; alikuwa anapima kama nitamwelewa siku atakapopiga kelele kwamba nisiguse. Bila B1 nisingevuka asubuhi ile.

Kazi zinazofanywa kwa Kiingereza zipo, hasa za programu za kompyuta katika miji kama Berlin na Munich, na aliyebobea katika fani hiyo anaweza kuzipata. Lakini zinagombaniwa na watu kutoka dunia nzima, na nje ya fani hiyo zinapungua haraka. Kwa hiyo, kama umekwisha kufikisha sita bila Kijerumani, usifurahi na kukimbilia kupanga miadi ya viza. Subiri ufike angalau B1, na kama subira yako inaruhusu, B2. Ninajua ushauri huu hauwapendezi wenye haraka, ila pointi za lugha ni miongoni mwa zile ambazo mwajiri naye anazithamini kama ubalozi unavyozithamini. Kuna jambo moja linaloweza kupingana na ushauri huu wa kusubiri: umri. Aliyekaribia kuvuka kikomo cha miaka 35 au cha 40 ahesabu tarehe kwa makini, kwa sababu siku moja ya kuzaliwa inaweza kumpunguzia pointi ambayo hana mahali pengine pa kuipata.

Pointi za uzoefu hupotea kizembe kuliko nyingine zote, na kosa huwa la barua. Waajiri wengi huandika barua ya utumishi inayosema kwamba fulani alikuwa mwaminifu na mchapakazi, na kwamba wanamtakia kila la heri. Barua ya namna hiyo haithibitishi kitu. Inatakiwa itaje tarehe ya kuanza na ya kumaliza kazi, cheo, majukumu yenyewe kwa undani, na kama ilikuwa kazi ya muda wote, ili anayelisoma ombi aone kwamba ulichofanya kinaendana na ulichosomea. Mwombe mwajiri barua hiyo ungali kazini, mkiwa mnaelewana. Kuifuata baada ya miaka mitatu, meneja akiwa amehama, ni shida ya bure.

Tuje kwenye fedha, ambako ndiko mipango mingi hukwama. Kwa mwaka 2025 kiasi kilichotakiwa kuthibitishwa kilikuwa euro 1,091 kwa mwezi, yaani euro 13,092 kwa mwaka mzima, ambazo kwa kawaida huwekwa katika akaunti maalumu iliyozuiwa na kutolewa kidogokidogo kila mwezi. Unaweza pia kuwa na mdhamini anayeishi Ujerumani aliyesaini tamko rasmi la kukutunza, au mkataba wa kazi ya saa chache, kwa kuwa kadi inakuruhusu kufanya kazi yoyote hadi saa 20 kwa wiki. Ruhusa hii ni nzuri, lakini wengi huikadiria kupita kiasi. Kima cha chini cha mshahara mwaka 2025 kilikuwa euro 12.82 kwa saa. Saa 20 kwa wiki zinakupa takribani euro 1,100 kwa mwezi kabla ya makato. Huwezi kuweka akiba wala kutuma fedha nyumbani kwa kipato hicho, na katika miji mikubwa kodi ya chumba pekee inaweza kula karibu nusu yake. Aliyekopa zile euro 13,092 na anatarajia kuzirudisha kwa kuosha vyombo mgahawani anajiingiza katika mwaka mgumu, na uchovu wa kazi hiyo utamla muda wa kutafuta kazi aliyoifuata.

Nyumba nayo hula muda kuliko mtu anavyodhani. Ukihamia mahali unatakiwa kujiandikisha katika ofisi ya manispaa ukiwa na karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba, na bila usajili huo mambo mengine hukwama, ikiwemo namba ya kodi inayohitajika kazini. Wenye nyumba, kwa upande wao, hupenda kuona hati za mshahara za miezi mitatu, ambazo mtafuta kazi hana. Wengi huanza na chumba katika nyumba ya kushirikiana. Hakikisha tu kabla ya kulipa kwamba mwenyeji yuko tayari kukupa ile karatasi, maana wapo wanaopokea kodi na kukataa kuitoa.

Kuhusu mawakala, nitasema kwa ufupi. Ombi la viza hujazwa kwenye tovuti ya huduma za kibalozi ya serikali ya Ujerumani, na ada yake ni euro 75. Anayekuambia ana njia ya kukuongezea pointi, au ana kazi iliyokwisha kuhifadhiwa kwa jina lako ukilipa kwanza, anakuibia. Kumlipa mtu akusaidie kupanga nyaraka ni hiari yako, lakini pointi hutokana na vyeti, na vyeti ni vyako.

Jambo la mwisho ni kubadilisha kibali. Kupata kazi hakukupi haki ya kuianza papo hapo kwa muda wote. Lazima kwanza ofisi ya wageni ya mji wako ikupe kibali kipya cha kazi, na mara nyingi Shirika la Ajira la Serikali huhusishwa kukagua masharti ya mkataba. Mwajiri hujaza fomu rasmi inayoeleza kazi, saa na mshahara, na kampuni ambazo hazijawahi kuajiri mgeni huiogopa fomu hiyo, kwa hiyo ichapishe wewe mwenyewe na uende nayo kwenye usaili. Katika miji mingi ofisi hizi zimeelemewa na miadi huchelewa. Peleka ombi lako kabla kadi haijaisha muda, kwa sababu ombi lililowasilishwa kwa wakati hukulinda usihesabike kuwa mkaazi haramu wakati ukisubiri majibu, na omba hati ya muda inayothibitisha hilo. Mtafuta kazi anayeanza kuhangaikia mwajiri mwezi wa kumi na moja amechelewa hata akimpata. Kadi inaweza kuendelezwa hadi miaka miwili zaidi, lakini ni kwa mwenye ahadi ya kazi ya kitaalamu ambaye kwa sababu fulani hatimizi masharti ya kibali kingine. Asiye na ahadi hiyo hurudi kwao mwaka unapokwisha, na ni vizuri fedha ya nauli ya kurudi iwe imetengwa tangu siku ya kuondoka.