Mdakaji hapimwi kwa fimbo peke yake

Kaka, hapo unaposema Yadier Molina, yule mdakaji wa besiboli wa St. Louis Cardinals aliyestaafu 2022, anasifiwa kupita kiasi kwa vile wastani wake wa kupiga ni .277 tu (yaani akijaribu mara 100 anafanikiwa kama 28) na homurani (mpira uliopigwa ukavuka uzio) ni 176 tu kwa misimu 19, mi nakataa kabisa. Mdakaji kila mpira unaorushwa unaenda kwake, mechi moja ni mara mia na ushee, yeye ndo anampa pitcha (mrushaji) ishara arushe nini, mpira ukija pembeni kidogo anautuliza kwenye glavu mpaka refa anaita straiki, yaani alama mbaya kwa mpigaji (siku hizi hiyo nayo inapimwa, wanahesabu ran, yaani pointi, alizookoa), anazuia inayodunda chini, halafu mkimbiaji akitaka kuiba besi ya pili, yaani kuikimbilia mpira ukiwa unarushwa bila kusubiri upigwe, roho inamdunda. Molina kawanasa kama asilimia 40 ya waliojaribu!! Na wale walioogopa hata kujaribu utawaona kwenye takwimu gani?

Cardinals wamebeba ubingwa 2006 na 2011 yeye akiwa nyuma ya pleti, na Gold Glove (tuzo ya ulinzi bora) anazo 9. Mike Piazza, mdakaji mwingine wa zamani, alipiga homurani 427, fimbo yake ilikuwa balaa na namheshimu sana, ila wezi wa besi walimfaidi.

Kupiga kuna thamani, sikatai, ila mlinganishe na wadakaji wenzake sio na jamaa wanaolinda besi ya kwanza, mtu anachuchumaa mechi nzima magoti yanawaka moto afu unamdai homurani 40? Na angalia pia kacheza mechi ngapi, Molina kadaka zaidi ya 2,100 timu moja tu.