Kopa kugoma ukiikunja mara ya pili na mdomo wa flea kupasuka: sababu na tiba yake

Mkuu, umeuliza kwa nini bomba la kopa (shaba) la robo inchi la AC lilikunjika vizuri mara ya kwanza, ulipolinyoosha likagoma, kisha mdomo ukapasuka ulipotengeneza flea, yaani kupanua ncha ya bomba iwe kama tarumbeta ili iungwe kwa nati. Si lazima liwe feki. Limekuwa gumu mikononi mwako, na tiba ipo.

Atomu za kopa zimejipanga kwa safu, ila safu hazijakamilika: kuna mahali safu moja inakatika katikati ya nyingine. Kasoro hiyo ya mstari inaitwa dislokesheni. Ukikunja bomba, safu haziserereki zote kwa mpigo. Dislokesheni ndizo zinazosogea, hatua moja moja, ndiyo maana nguvu ya mkono inatosha. Fuwele (atomu zilizojipanga kwa safu hivyo) isiyo na kasoro hata moja ingehitaji nguvu kubwa mno. Taylor, Orowan na Polanyi walilieleza hili mwaka 1934, kila mmoja kivyake.

Tatizo ni kwamba kila mkunjo unazizalisha. Zinaweza kuongezeka mara elfu na zaidi, zikakutana na kuzibana njia kama magari kwenye makutano ya barabara taa zikizimika. Zisiposogea, kopa haikunjiki, inapasuka. Kikatio cha gurudumu nacho kinakandamiza ncha, na ncha hiyohiyo ndiyo unayoipanua kwa flea. Kwa hiyo kaza kikatio kidogo kidogo kila mzunguko, kisha kwangua ukingo wa ndani mdomo ukitazama chini, vumbi lisiingie. Mikwaruzo na ncha kali ndiko ufa unakoanzia.

Kulainisha: pasha moto sehemu husika mpaka wekundu hafifu, nyuzi 500 hadi 600 hivi za Selsiasi, kisha ondoa tochi ya gesi. Joto hilo linafanya chembe mpya za fuwele, zenye dislokesheni chache, zizaliwe na kula zile za zamani. Fanya kivulini! Juu ya paa la Kariakoo saa sita mchana wekundu huo huuoni, utapitiliza. Ukipitiliza, chembe zinakua kubwa, na ukikunja uso wa bomba unakuwa na vipele kama ganda la chungwa. Kopa inayeyuka kwenye nyuzi 1085, usidhani una nafasi kubwa ya kuchezea.

Kupoza kwa maji au kwa hewa ni sawa kwa kopa, haigeuki ngumu. Chuma chenye kaboni ni kinyume: ukikizamisha kikiwa chekundu, kaboni inanaswa kati ya atomu za chuma na kinakuwa kigumu, rahisi kuvunjika. Wengi wanachanganya hapa.

Kabla ya moto, hakikisha gesi ya AC imetolewa yote, na pitisha naitrojeni kavu polepole ndani ya bomba. Usipofanya hivyo, magamba meusi yatabanduka yazibe kapilari, kile kibomba chembamba sana cha AC. Kwa ncha ya flea, ushauri wangu ni huu: kata, anza na bomba laini jipya la roli (lililoviringishwa). Kulainisha kwa moto ni kwa mikunjo, pale ambapo huna bomba lingine.

Kwa wale wanaoyeyusha mabomba chakavu ili watengeneze waya: kopa ya mabomba huwekewa fosforasi, kwa kawaida asilimia 0.015 hadi 0.040, ili iondoe oksijeni na bomba lilehemike bila kupasuka. Lakini atomu hizo ngeni zinatawanya elektroni vibaya. Upitishaji umeme unaweza kushuka kwa asilimia 15 au zaidi. Kuvuta waya ukiwa baridi, pamoja na dislokesheni zake zote, kunapunguza kama asilimia 2 au 3 tu. Moto utaziondoa dislokesheni, fosforasi haitoki. Kopa ya bomba usiipeleke kwenye koili ya mota.