Si ukaidi, ni mashine ya kinyozi

Wazazi wa watoto wenye usonji tukikutana pale nje ya chumba cha terapia, swali la kwanza huwa si dawa wala shule, ni "wako ananyolewa aje?" Kama mtoto wako hukaa tu kwa kiti cha kinyozi akinyolewa akicheki TV unaweza dhani tunatania. Kijana wangu ako na miaka tisa na hapa Umoja kila kinyozi anamjua, ju kuna wakati alikuwa akipiga nduru mpaka watu wa mitumba wanakuja kuona nani anachinjwa.

Sasa fikiria kinyozi chenyewe. Mashine inanguruma karibu na sikio na inatetemesha fuvu, nywele zinakuchoma shingoni, spiriti inanuka, muziki uko juu, mtu usiyemjua amekushika kichwa na amekufunga shuka usitoe mikono. Kwa mtoto ambaye ubongo wake haupunguzi sauti venye wako unapunguza, hiyo yote inaingia mara moja na kwa nguvu ileile. Si ati anakataa kunyolewa. Anakimbia kitu kinamuumiza.

Kwa hivyo ushauri wangu mkubwa ni huo, kabla hujauliza "huyu mtoto ana adabu gani", uliza mwili wake unasikia nini saa hii. Kwa kinyozi sisi huenda asubuhi katikati ya wiki wakati hakuna mtu, muziki unazimwa, anashika mashine kwanza ikiwa imezimwa, kisha ikiwashwa mbali, na akisema "basi", tunapumzika. Kuna siku tunarudi na kichwa nusu, na hakuna mtu amewahi kufa kwa hiyo. Jumapili jioni kabla shule zifunguliwe usijaribu, hapo foleni peke yake inatosha kumaliza mtu mzima.

Watu huniuliza utajuaje kama amezidiwa ama anakuchezea akili. Mtoto anayelilia soda anakuangalia kwa kona ya jicho aone kama umelegea, na ukimpa ananyamaza. Aliyezidiwa hata umpe kreti nzima haitasaidia, ju soda haikuwa shida. Hapo usimhubirie, usimuulize "shida ni nini?" mara kumi, maneno yako pia ni kelele. Mtoe penye pamejaa watu, punguza mwanga kama unaweza, kaa karibu na ungoje. Na ujue kuna mama kwa stage atasema "huyo anataka kiboko tu". Mimi humjibu "asante mama, tuko sawa" na naendelea na yangu, siwezi fundisha Nairobi yote nikiwa nimebeba mtoto na begi.

Matatu ni ile ile hadithi. Zile nganya za muziki wa kutetemesha dirisha tunaziacha zipite, hata kama tutachelewa, tunangoja basi iliyotulia na tunakaa mbele. Hedfoni za kuzuia kelele ziko kwa begi kila siku, zile kubwa za kufunika masikio, na nikiambiwa nizichague ama viatu vipya vya Krismasi nitachagua hedfoni.

Kitu kingine ni mabadiliko ya ghafla. Stima ikipotea jioni, kwetu si giza tu, ni ratiba yote imevunjika. Nilichora picha kwa karatasi, sare, chai, basi ya shule, kuoga, kulala, na nikaongeza kadi moja ya "leo imebadilika", nikiiweka anajua kuna kitu kitakuwa tofauti hata kama hajui ni nini. Michoro yangu ni mibaya sana lakini yeye anaielewa. Na kama hataki sukuma iguse ugali, si uweke sahani mbili? Ni sahani moja zaidi ya kuosha, hiyo si vita ya kupigania.

Familia ndio kazi ngumu. Mmoja atasema ni laana, mwingine ni chanjo. Hiyo ya chanjo ilitoka kwa utafiti wa daktari Mwingereza, Andrew Wakefield, wa 1998, na jarida lenyewe la Lancet likaufuta 2010, kwa hivyo mtoto apate chanjo zake. Shosho wetu sikumshawishi kwa maelezo ya ubongo, nilimpa kazi. Wanakaa na kijana wakichagua maharagwe, yeye anapenda kupanga vitu kwa rangi na shosho anapenda mtu asiyeongea sana, wanaelewana kuliko mimi na yeyote wao.

Mambo ya makaratasi, haraka haraka. Usingoje "atabadilika akikua". Uliza EARC ya karibu na wewe, hivyo ni vituo vya serikali vya kutathmini watoto na kushauri kuhusu shule, na KISE, taasisi ya serikali ya elimu maalum pale Kasarani, pia wana kituo cha tathmini. Kuna shule za umma zenye vitengo vya usonji, City Primary pale Ngara ni mojawapo. Usajili wa NCPWD, lile baraza la taifa la watu wenye ulemavu, unaanza na tathmini ya hospitali ya serikali, beba subira. Na kama ni msichana anayekaa kimya akiota mchana darasani, usidhani ADHD, ile hali ya kushindwa kutulia ama kuwa makini, ni ya vijana wanaoruka kwa madawati peke yake, wasichana wengi hupitwa hivyo.

Kwa ticha, andika ukurasa mmoja tu, nini kinamtuliza, nini kinamlipua, akizidiwa apelekwe wapi. Mpe maagizo moja moja, sio "toa kitabu fungua ukurasa andika tarehe" kwa pumzi moja. Kama jibu la shule ni kiboko, sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumpiga mwanafunzi, na unaweza kusema hivyo kwa ofisi ya mwalimu mkuu kwa heshima bila kupandisha sauti.

Terapia ni ghali, hiyo tusidanganyane. Ukilipia, ingia ndani na mtoto, usibaki nje na simu, uliza mazoezi ya kufanya nyumbani. Sisi tuliambiwa kazi nzito inamtuliza, kwa hivyo unga wa kilo mbili kutoka dukani anabeba yeye, na dada yake siku hizi analalamika ati mbona yeye hapewi kubeba kitu. Sasa dada amepewa mayai.