Wingu la nukta: limesafishwa au zimesafishwa?

Swali: Ninatafsiri mwongozo wa programu inayotumia vipimo vya skana ya leza kuunda umbo la kifaa ndani ya kompyuta. Niliandika: "Wingu la nukta zimesafishwa, kisha maeneo ya kifaa yakaundwa tena." Mhariri amepigia mstari "zimesafishwa", "maeneo" na "tena", bila maelezo. Nimekosea wapi?

Jibu: Mawili ya kwanza ni makosa. La tatu linategemea ulichokusudia.

Katika "wingu la nukta" (yaani mkusanyiko wa nukta ambazo skana imezipima juu ya kifaa) nomino kuu ni wingu, nayo ndiyo inayotawala kitenzi: wingu limesafishwa. Midomoni watu husema "kundi la wanafunzi wamefika", na wengi hawashtuki kwa kuwa wanafunzi ni viumbe hai. Nukta hazina utetezi huo. Na hata ungeandika "nukta zimesafishwa", maana ingepotoka. Nukta moja ya skana ni namba tatu tu zinazotaja mahali ilipo. Haina uchafu wa kufutwa. Programu huondoa nukta za uongo, kama zile zinazotokana na mng'ao wa chuma, na linalobaki safi ni wingu.

"Maeneo" ndilo kosa linalonisumbua zaidi, maana nimelikuta kwa watafsiri wazoefu. Eneo ni ukubwa, hupimwa kwa vizio vya mraba. Unachotaka ni uso: mpaka kati ya kitu na kilicho nje yake, kama tunavyosema uso wa maji au uso wa dunia. Uso una eneo, na ukiuita uso wenyewe "eneo", utakwama mwongozo utakapofika kwenye hesabu ya eneo la uso. Usikimbilie "sura" pia, kwa sababu hiyo hugusa mwonekano. "Umbo" ni la kitu kizima: silinda ni umbo, na ubavu wake uliopinda ni uso mmojawapo.

Umoja au wingi? Ukizungumzia ngozi yote ya kifaa, andika "uso wa kifaa". Programu ikishaigawa vipande, huu bapa, ule wa silinda, mwingine wa mpindo huru usiofuata umbo la kawaida la jiometri, hapo ni "nyuso", na upatanisho ubadilike: nyuso zimeundwa.

Sasa "tena". "Uso ukaundwa tena" humwambia msomaji kwamba jaribio la kwanza lilishafanyika na sasa linarudiwa, jambo ambalo hutokea kweli mtumiaji anapobadilisha mipangilio na kuendesha hatua ileile. Litunzie kazi hiyo. Kwa uso unaozaliwa kutoka kwenye nukta, tumia "upya". Kitenzi "kuunda" nacho kinafaa kuliko "kunakili". Skana ya leza haioni kila pembe, na mbinu za kompyuta za kuunda uso kutoka kwenye nukta, kama ile iitwayo Poisson, iliyotolewa mwaka 2006 na Kazhdan, Bolitho na Hoppe, huziba mapengo kwa kukadiria. Sehemu hiyo ya uso haikunakiliwa popote, imeundwa.

Kuna kitenzi cha tatu ambacho hukukiuliza, lakini uhandisi wa kinyume, yaani kupata muundo wa kifaa kwa kuanzia na kifaa chenyewe, unakihitaji: kurejesha. Chukua tundu la mhimili lililokuwa duara, likalika upande mmoja. Skana itarekodi tundu jinsi lilivyo leo, na uso utakaoundwa upya utakuwa na ulikaji uleule. Mhandisi akiamua kuweka duara kamili la kipenyo cha awali, amerejesha umbo lililokusudiwa na mbunifu. Mtumiaji anayebonyeza kitufe anahitaji kujua ni lipi kati ya hayo mawili litatokea, kwa hiyo mwongozo usiviandike vitenzi hivi kana kwamba ni kimoja.

Sentensi yako basi: "Wingu la nukta limesafishwa, kisha uso wa kifaa ukaundwa upya." Ukichagua wingi, iwe "nyuso za kifaa zikaundwa upya".