Kabla hujaongeza chembe, tazama zilivyokaa

Wengi wanaoingia maabara ya polima, yaani plastiki na vitu vya aina yake vyenye molekuli ndefu kama minyororo, huja na imani moja: sampuli ikikatika mapema, dawa yake ni kuongeza chembe za nano, zile ndogo mno za kupimwa kwa nanomita (sehemu ya bilioni ya mita). Asilimia mbili zisipofaa, wanatia tano, kisha kumi. Nawasihi mnaoanza sasa, msishike njia hiyo. Chembe zilizogandamana zikawa bonge ni kasoro ndani ya plastiki, na ufa huanzia hapohapo.

Someni kwa makini kisa cha nailoni-6 na udongo wa montimorilonaiti, kazi ya watafiti wa Toyota nchini Japani katika miaka ya 1980. Udongo huo ni matabaka yaliyolaliana, kila moja lina unene wa nanomita 1 hivi. Waliziondoa ayoni za sodiamu zilizokaa katikati, wakaweka za kikaboni, monoma (molekuli ndogo zinazoungana kuwa nailoni) ikapata pa kupenya, na nailoni ilipokuwa ikijengeka humohumo ikayaachanisha matabaka. Kwa udongo usiozidi asilimia 5 ya uzito, joto ambalo nailoni hiyo huanza kupinda chini ya mzigo lilipanda kutoka nyuzi 65 hivi za Selsiasi hadi zaidi ya 140. Udongo ukikorogwa vivi hivi, bila matayarisho hayo, hautoi matokeo hayo.

Katika vipimo, jihadharini na eksirei. Kilele cha grafu kinachoonyesha matabaka bado yamepangana kikitoweka, mgeni hushangilia kwamba yameachana. Huenda udongo ni kidogo mno, au matabaka yamevurugika tu yangali pamoja. Thibitisheni kwa darubini ya elektroni, na msichague picha moja nzuri: anzeni na ukuzaji mdogo, sehemu kadhaa za sampuli, maana mabonge makubwa huonekana huko.

Lililonivutia kuliko yote ni kazi ya Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, iliyotoka 2017. Walitumia polima inayofanya fuwele (sehemu ambazo molekuli zake hujipanga kwa utaratibu inapopoa) pamoja na chembe za silika zilizovikwa polima nyingine. Fuwele zikikua haraka, chembe humezwa zilipo. Zikikua polepole, chembe husukumwa zikajipanga safu baina ya fuwele, mpangilio unaokaribia ule wa ndani ya ganda la chaza wa lulu. Chembe ni zilezile, kiasi ni kilekile, lakini ukakamavu huongezeka.

Kwa hiyo kwenye daftari lako, kando ya uzito wa chembe, andika pia halijoto ambayo fuwele zilikulia na muda uliozipa. Bila hivyo, anayerudia jaribio lako atapata kitu kingine.